Mpasuko Uliokwama

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na wifi, pamoja na wote wanaoniita shangazi hapo nyumbani kwenu. Nataraji mgongo wako umepata nafuu, maana kunyanyua wagonjwa kutoka kitanda hadi kitanda kila siku si mchezo, nawe kukaa chini hukujui. Sisi huku miili ni mizima. Mama goti linamsumbua asubuhi, ila mdomo haujaugua hata siku moja. Juzi alimwambia daktari kwamba goti ni lake na yeye ndiye anayejua lilianza kuuma lini, kwa hiyo aache kubishana aandike dawa. Shemeji yako bado anafungua mafriji ya watu sebuleni, nami bado nagombana naye kwa skrubu ninazozikanyaga.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Najua umekasirika kwa kimya changu. Nimeanza kukujibu mara nne, na mara zote nne karatasi zimeishia jikoni kuwashia moto. Hii naiandikia kazini, ghalani, juu ya kifuniko cha sanduku la sampuli, kwa sababu nyumbani Mama husoma juu ya bega langu na kutoa maoni kabla sijafika mwisho wa mstari.

Uliniuliza mambo mawili. La kwanza, hali ya Mwalimu Futa. La pili, ni nani huyo mtaalamu wa miamba ambaye magazeti yanasema ushahidi wake ndio uliomzamisha. Ukasema kama ni mtu wa ofisini kwetu nimfikishie salamu zako, na salamu zenyewe ukazitaja moja moja. Mh! Sikujua kama hospitalini mnafundishwa matusi ya namna ile. Nimezisoma zote, na zimefika.

Nianze na Mwalimu. Alihukumiwa miaka sita kwa uchochezi. Ana miaka sabini na moja, jicho la kushoto limeingia ukungu, na viatu wamemnyang'anya wakampa kandambili. Rufaa yake itasikilizwa katikati ya mwezi ujao. Wakati wa kesi alikataa wakili, akajitetea mwenyewe. Mtu aliyesimama mbele ya ubao miaka arobaini angemwachiaje mwingine amsemee? Sasa yupo wakili, mama mmoja mfupi, mkali kama pilipili, naye alipitia darasani kwake kama sisi. Anasema alifutishwa insha moja mara sita. Nikamwambia wewe ulifutishwa nane, akakuonea huruma.

Makala yenyewe sijui kama iliwafikia huko. Unakumbuka tangu astaafu alikuwa anaandika gazetini kila wiki, habari za mitaro iliyoziba na vyoo vya shule. Wiki ile akaandika juu ya nchi nzima. Alisema chini ya kila nchi kuna mpasuko, ule ufa mkubwa ambapo pande mbili za mwamba zimeachana: wenye nacho huku na wasio nacho kule, wanaotawala upande huu na wanaotawaliwa upande ule. Kupasuka si aibu, alisema, hakuna nchi ambayo haijapasuka. Udhaifu wetu sisi ni kwamba mpasuko wetu umekwama. Juu kumetulia, majani yameota, watu wanapiga makofi mikutanoni, na wakubwa wanauita ukimya huo umoja. Chini, pande mbili zimeng'ang'aniana na nguvu inajikusanya mwaka hadi mwaka. Akamalizia kwamba nchi isiyotaka kusogea kidogo kidogo itakuja kutikisika siku moja kwa mpigo, na kwamba yeye anaiombea nchi yake isogee.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo waliyoyashika. Wakasema mzee anaombea nchi itikisike. Wakamfuata nyumbani asubuhi akiwa anamwagilia mchicha wake.

Sasa la pili. Huyo mtaalamu ni mimi. Kaka, ni mimi mdogo wako. Gazeti halikuandika jina, wakaandika tu mtaalamu wa miamba, na mimi nikashukuru Mungu kwa uvivu wa mwandishi.

Naomba usiikunje barua hapo. Soma hadi mwisho, kisha unitukane kwa mpangilio.

Mkuu wa idara aliniita ofisini kwake Jumatatu moja. Mlango wake huwa haufungi kwa sababu kitasa kimekufa, siku hiyo akaubana kwa kiti. Akaniambia mahakama inataka mtu wa kueleza mpasuko ni nini, elimu ya mawe tu, siasa hapana, na kwamba amenichagua mimi kwa sababu sina maneno mengi. Nusura nicheke. Wewe unajua mimi na kunyamaza hatujawahi kupanga nyumba moja. Lakini kazini ni kweli najulikana hivyo, na ni kwa sababu ya kazi yenyewe.

Sidhani kama nimewahi kukueleza vizuri ninachokifanya. Wachimbaji wakitoboa ardhi hutoa mwamba ukiwa mviringo, vipande virefu kama mchi, unalazwa kwenye masanduku ya mbao. Mimi napima, natazama, naandika daftarini: rangi gani, mgumu au laini, umevunjika wapi, kina gani. Mwisho wa kila mstari kuna safu imeandikwa MAANA. Hiyo siijazi mimi, wanaijaza wakubwa wa ghorofani. Mwaka wangu wa kwanza nilitia kiherehere nikaijaza, nikaandika kwamba hapa panaonekana palisogea zamani. Nilikuwa sahihi. Wakanirudishia ukurasa mzima niunakili upya, safu ile ikiwa tupu. Tangu hapo ni miaka ishirini na miwili naandika ninachokiona na maana nawaachia wao. Mtu unazoea, kaka, mpaka inakuwa tabia yako hata ukiwa sokoni.

Basi mahakamani nilijibu kama ninavyojaza daftari. Mwendesha mashtaka ni kijana mpole, ananiita mama mtaalamu, ananisogezea maji. Akauliza mpasuko uliokwama ukiachia hutokea nini. Nikasema tetemeko. Akauliza tetemeko kubwa huzifanya nini nyumba. Nikasema huziangusha. Akauliza na watu waliomo. Nikasema hufa. Akamgeukia hakimu, akasema mshtakiwa basi anawaombea wananchi wafe. Halafu akaniuliza kama upo mwendo wowote wa mpasuko ambao mtaalamu anaweza kuthibitisha kwamba ni salama. Nikasema hakuna mtaalamu anayeweza kuthibitisha hivyo.

Jibu hilo ni la kweli, na ni la kihuni. Kila mtu wa kazi yetu anajua ipo mipasuko isiyokwama. Ndani yake mna mwamba laini, unateleza kama sabuni, na pande mbili zinapishana taratibu mwaka mzima bila mtu kumwaga chai yake. Hiyo ndiyo aliyoiombea Mwalimu. Alikuwa anasema watu waachwe waseme, walalamike, wabadilishe kidogo leo na kidogo kesho, ili lile kubwa lisije. Makala nzima iko hapo, nami ndiye niliyekuwa na ufunguo wake mdomoni. Sikuulizwa, sikusema.

Hakimu akamuuliza Mwalimu kama ana swali kwa shahidi. Akasimama, akashika ubao wa kizimba, akanitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema taratibu kwamba yeye alidhani ipo mipasuko inayosogea polepole bila kudhuru, ila kama mtaalamu anasema hivyo, huenda alielewa vibaya. Akaketi. Watu wakanong'ona. Wewe umewahi kumsikia Mwalimu Futa akisema alielewa vibaya?

Hapa ndipo karatasi zile nne zilipoishia. Ngoja nipige moyo konde.

Maneno ya makala ile ni yangu. Miaka miwili nyuma alikuja hapa ghalani na daftari lake dogo. Unamjua, hakuwa mtu wa kuandika jambo bila kulihakiki, hata mtaro alikuwa anaupima kwa hatua kabla ya kuulalamikia. Akasema anataka kuandika juu ya nchi na anahitaji kujua ardhi inavyopasuka kwelikweli, asije akawadanganya wasomaji. Nilifurahi mno. Mwalimu wangu, amekuja kuniuliza mimi! Nikamfungulia masanduku mawili. La kwanza lilikuwa na ule mwamba laini, akapitisha kidole, akashangaa unavyoteleza. La pili lilikuwa na mwamba uliogandishwa na mawe meupe, mgumu, mzuri wa kutazama, na nikamwambia huu mzuri ndio unaoua. Kisha nikamchekesha. Nikamwambia nchi yetu, Mwalimu, ni hili sanduku la pili: haikosi nguvu, imekwama. Akaacha kucheka, akaniomba nirudie polepole aandike. Akaniuliza kama anitaje jina. Nikamwambia hapana, ofisi haipendi.

Na mahakamani niliulizwa hilo pia, kabla Mwalimu hajasimama. Mkuu alishanitahadharisha kwamba swali hilo litakuja, na kwamba anayemwingiza mtu wa nje ghalani bila kibali hana kazi. Nikaulizwa kama nimewahi kuzungumza na mshtakiwa juu ya mambo haya. Nimekula kiapo, mkono juu, Mwalimu amekaa hatua tano kutoka nilipo. Nikasema hapana. Sijawahi.

Baada ya pale nilijipa moyo kwa jambo moja. Niliamini Mwalimu amenikinga. Nilijiambia alinitazama, akaona hofu yangu, akaamua kunificha kama mzazi anavyomficha mtoto, ndiyo maana akasema ameelewa vibaya. Aibu iliniuma, sikatai, lakini chini ya aibu palikuwa na raha fulani, ya kujua kwamba kuna mtu ananipenda kiasi hicho. Nimeilalia raha hiyo miezi mitano.

Kisha ikaja barua yako na salamu zako. Jumamosi iliyofuata nikaenda gerezani.

Chumba cha kuonana ni kirefu, kimekatwa katikati na wavu wa chuma, wao upande ule na sisi upande huu, kila mtu anapiga kelele kumshinda jirani. Mnapewa dakika kumi na tano. Mwalimu amekonda, shati la gereza linamvaa yeye. Aliponisikia tu, kabla macho hayajanipata, akaniita Kokoto. Sijaitwa hivyo na mtu yeyote isipokuwa wewe na Mama. Nikausogelea wavu.

Nilikuwa nimejiandaa kumshukuru kwa kunikinga. Akanitangulia. Alisema anaomba radhi. Nikadhani masikio yangu yana hitilafu. Akasema anaomba radhi kwa kunisumbua hadi nikaacha kazi zangu kwenda mahakamani kusahihisha makosa yake. Akaeleza bila haraka, kama anavyoeleza hesabu, kwamba yeye anakumbuka vizuri kabisa alikuja ghalani, anayakumbuka masanduku mawili, anakumbuka kidole kilivyoteleza na hata harufu ya vumbi. Lakini alinisikia kwa masikio yake nikiapa kwamba hatujawahi kuzungumza. Na mimi, alisema, tangu mtoto sikuwa mwongo, nilikuwa msumbufu tu. Kwa hiyo ameelewa kwamba ni kichwa chake. Kimeanza kujitungia mambo.

Mama yake mzazi aliishia hivyo, akaniambia, alikuwa anawapikia wageni ambao hawakuja. Sasa zamu yake imefika. Kila asubuhi anamwomba mfungwa mwenzake amuulize jedwali la kuzidisha ili aone bado amebakiza nini. Kuandika ameacha, kwa sababu anaogopa kuwadanganya watu. Na wakili wake amemwambia asitegemee chochote anachokikumbuka yeye, ndiyo maana rufaa ile, kaka, haina miguu. Yule mama anamsihi amtaje aliyempa elimu ile, naye anamjibu kwamba hakuna mtu kama huyo, alimwota.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia hata padri. Alipomaliza kuniomba radhi alingoja. Nilikuwa na dakika nne. Sentensi moja ilitosha, hata nusu yake. Nikamwambia hakuna neno, Mwalimu, yamekwisha.

Nilimsamehe. Umesikia? Nimemfunga kwa uongo, nimemnyang'anya imani na akili yake mwenyewe, kisha nikasimama pale na mkoba wangu nikampa msamaha. Naye akanishukuru. Kengele ikalia, askari akamshika mkono, naye akageuka kunipungia upande ambao sikuwepo.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, sijui njia ipi. Mama aliniuliza nimekula nini kibaya. Nikamwambia shemeji yako yote, kuanzia masanduku hadi msamaha. Aliweka bisibisi chini, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi yetu. Kisha akasema kazi itakwenda, na pengine na mimi nitakwenda, lakini mafriji ya watu yataendelea kuharibika, kwa hiyo hatutakufa. Halafu akaniuliza ninangoja nini. Nilimchukia kwa swali lile.

Alhamisi iliyopita nikaenda kwa wakili. Nilimweleza kila kitu, naye hakunikatiza isipokuwa mara moja, aliponiuliza makala ile hasa ina maana gani, nikiwa mtaalamu. Mdomo ukataka kusema maana waulize wakubwa. Nilihisi kabisa maneno hayo yanapanda kooni. Nikayameza, nikamwambia maana yake. Nilisema hadi akageuza karatasi ya tatu. Nimetia sahihi mbele ya kamishna wa viapo. Hati itaingia mahakamani Jumatatu ijayo. Wakili hakunidanganya: kuapa uongo ni kosa, ninaweza kushtakiwa, na hati ikishaingia, kazini nisirudi kuchukua hata kikombe changu. Wiki hii huenda ndiyo yangu ya mwisho kukaa hapa ghalani.

Kwa hiyo nina ombi, kaka. Wakinichukua, njoo umchukue Mama, au uje ukae naye. Usimtumie mtu, njoo mwenyewe. Hajui lolote bado, nitamwambia Jumapili akishakunywa dawa. Jiandae, atakupigia simu akilia, kisha ataniita mjinga, kisha ataanza kunifungia nguo kwenye begi.

Wakili alitaka aende yeye kumweleza Mwalimu. Nikamwomba aniachie. Siku ya kuonana ni keshokutwa, Jumamosi.

Mahakama siiogopi tena, na mkuu na kiti chake simwogopi. Naiogopa Jumamosi. Wala si hasira ya Mwalimu. Hasira yake naijua, sote wawili tumeionja, na ningeipokea kwa mikono miwili. Ila namjua yule mzee. Nikimwambia kwamba kichwa chake ni kizima, kwamba masanduku yalikuwapo na kila alichokikumbuka ni kweli, kabla hajafika kwenye kufikiri nilichomtenda, atafurahi. Uso wake wote utafurahi, palepale kwenye wavu, na atanishukuru tena. Sijui nitautazama vipi uso ule.

Mpe wifi pole kwa kukusikia ukisoma haya, na watoto uwaambie shangazi yao anawakumbuka. Wewe usiniandikie kwamba umenisamehe. Kaa na hasira zako kwanza, nazihitaji.

Ni mimi mdogo wako,
Kokoto